Kiti cha Kushoto

Karani aliniuliza nitaapa kwa kitabu gani.
Nipe chochote, nikasema, ila kwanza nipanguse mikono.
Jina Kombe Mwaringa, fundi wa bodi za magari,
banda la mabati pale Maweni, hapa hapa Malindi,
miaka ishirini na sita nanyoosha vilivyopinda.

Kielelezo namba tisa kilikuwa mezani,
kimefungwa plastiki kama nyama ya buchani:
reli ya kiti cha kushoto, imeng'oka na boliti zake mbili.
Mbili.
Matundu ni manne.
Huko kiwandani mtu alipiga hesabu akaona mbili zatosha,
gari likapakiwa melini, likaja kwetu linang'aa,
lina redio, lina na mahali pa kutulizia kikombe.

Wakili wa kampuni alikuwa mpole.
Siku ile Malindi ilikuwa tanuri, na tai yake haikulowa.
"Bwana Kombe, uhandisi umesomea wapi?"
Sikusoma.
"Kwa hiyo hesabu za mgongano huzijui?"
Nazijua majibu yake, nikamwambia.
Huletwa kwangu yakiburutwa kwa kamba.
Watu wakacheka. Jaji hakucheka.

"Na si kweli kwamba gari hili, mwaka mmoja kabla ya ajali,
liliingia bandani mwako, ukavichomelea viti vyake?"

Kumbe ndiko tulikokuwa tunakwenda tangu asubuhi.

Kiti, nikasema. Si viti.
Cha kulia, cha dereva.
Aboud Lali alikuja akilalamika kinacheza chini yake
kama jino la mtoto wa miaka sita.
Nikakifungua, nikaiona ile njaa ya chuma,
nikaongeza mabapa, nikatia boliti kwenye matundu yaliyoachwa wazi.

Walikuwa wakitoka Mambrui.
Kabla ya daraja la Sabaki wakasimama kupisha mbuzi,
lori la chumvi la Gongoni likawaingia kwa nyuma.
Kiti cha kulia hakikusogea. Aboud yumo, shingo inamuuma,
anapapasa kutafuta miwani.
Cha kushoto kiling'oka kikalala chali,
na mwalimu Mbeyu, mkanda ameufunga vizuri,
akachomoka chini yake kama barua kwenye bahasha.
Tangu siku hiyo miguu yake hubebwa na watu wengine.

Alikuwepo ukumbini, kwenye kiti cha magurudumu.
Nacho nilikikagua, siwezi kujizuia:
boliti nne, zimekazwa.

Mheshimiwa, nikasema, kazi ya banda imeshika.
Iliyoachia ni ya kiwanda.

Ndipo wakili wa Mbeyu akaisoma barua,
ya mhandisi wao wenyewe: kiti hiki kiongezwe nguvu.
Chini yake mkono mwingine umeandika gharama,
kwa kila gari, bei ya soda mbili,
na neno moja: Hapana.
Ukumbi ukanyamaza. Feni peke yake ndiyo ilibaki na la kusema.

Nje nilipewa mikono. Kombe, umewanyoosha!
Mwalimu mwenyewe akanishika kidole, akasema ahsante.

Hakuna aliyeniuliza.
Si yule mpole, si jaji, si mwalimu:
ulipokifungua cha kulia, cha kushoto hukukiona?

Nilikiona. Vilikuwa pacha.
Nilimwambia Aboud, na hiki pia, mia sita tu.
Akasema mwezi ujao, fundi,
hicho hakina mwenyewe, hukaliwa na abiria.
Nami nikafunga sanduku la spana
nikaenda kula.

Hukumu itasomwa baada ya masika.
Watalipa, wanasema watu, na walipe,
walijua, tena waliandika.
Mimi sikuandika popote.

Boliti mbili nilizokuwa nimezitenga siku ile
ziko bado bandani, kwenye kopo la maziwa ya unga.
Gari likipita na mzigo mzito, kopo hutikisika.
Wateja huniuliza, Kombe, mbona huzitumii?
Nawaambia hazitoshi.